Kobalti ya Chumba cha Chini

Mkaguzi wa mionzi alifika hospitali saa tatu asubuhi, kipimo begani na fomu ya ukurasa mmoja mkononi. Alitakiwa kuthibitisha kwamba mashine kuukuu ya kutibu saratani, iliyofungiwa chumba cha chini tangu mashine mpya iletwe, bado ilikuwa salama. Ndani ya kichwa cha mashine ile mlikuwa na kipande cha kobalti kisichozidi kidole gumba. Mtu mwenye nia mbaya, akikipata pamoja na baruti, angeweza kuufanya mtaa mzima usikalike kwa miaka.

Mtunza stoo, mwenye ufunguo wa chumba kile, alikuwa mume wa dada ya mkaguzi.

"Karibu, shemeji. Lete fomu tuimalize, chai inapoa."

"Fungua kwanza."

"Mwenzako wa zamani alikuwa anaangalia kufuli tu. Kufuli lipo, anaweka sahihi, anaenda zake."

"Mwenzangu kastaafu. Fungua, shemeji."

Akafungua, huku akinung'unika kwamba ukoo ule wote ni wabishi. Mashine ilikuwepo, imejaa vumbi.

"Si hiyo? Au ulidhani imeota miguu?"

Mkaguzi alikisogeza kipimo. Hata ikiwa imezimwa, mashine ya namna ile huvujisha mionzi kidogo, na kipimo hulialia. Safari hii kilikaa kimya. Namba ilikuwa ileile aliyoiona kwenye ngazi. Akabadilisha betri, akapiga magoti, akapima upande wa pili. Hakuna kilichobadilika: kobalti haikuwemo.

"Nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu." Kisha shemeji yake akavuta kiti kibovu, akakaa. "Mafundi. Mwezi wa pili. Walikuja watatu na kasha zito la madini ya risasi. Walikuwa na barua ya wizara."

"Uliipigia wizara?"

"Barua ina mhuri, shemeji. Nimpigie nani tena?"

Mkaguzi aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akampa ayasome. Shemeji yake akaweka sahihi bila kumtazama.

Mkuu wa kitengo cha ukaguzi alimsihi asubiri kuandika ripoti. Wiki ileile angehutubia mkutano wa mataifa kuhusu namna nchi inavyolinda vitu vya nyuklia visiangukie mikononi mwa magaidi.

"Ukiandika leo, mimi nitasimama pale niseme nini?"

"Useme kimepotea."

Alasiri hiyo hiyo ripoti ilipelekwa polisi. Siku ya kumi na moja kasha lilipatikana chini ya sakafu ya gereji ya kupanga, halijafunguliwa, na kando yake kulikuwa na baruti na nyaya. Wawili kati ya wale mafundi bandia walikamatwa. Wa tatu hajaonekana mpaka leo. Mkuu alihutubia kama alivyopangiwa; upotevu ule ulipewa sentensi moja, ukurasa wa tisa wa hotuba.

Shemeji yake alifukuzwa kazi na kuhukumiwa kwa uzembe, akapewa kifungo cha nje. Kwa miezi mitano dada hakupokea simu. Siku moja akaja mwenyewe, akakaa sebuleni bila kuvua mtandio.

"Ungeweza kuweka sahihi ukaondoka."

"Ningeweza."

"Na mimi nisingejua kitu. Ningekupikia, tungecheka."

Mkaguzi akaenda jikoni kubandika chai. Aliporudi dada bado alikuwepo, amevua mtandio, ameukunja mapajani.

"Usitie sukari nyingi," dada alisema. "Siku hizi nimepunguza."