Asante ya Makungu

Kiharusi kilipompiga Makungu, fundi milango wa Mwanakwerekwe, kilimchukulia mkono, mguu na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki ni asante. Sasa hebu niambie, katika maneno yote aliyokuwa nayo mtu yule, ndo aachiwe hilo.

Ukimpa maji, asante. Ukimpa uji asioutaka, asante, na mdomo anaufumba. Mkewe Skolastika, ambaye mtaa mzima unamwita Skola, alichukua miezi kuzijua asante zake. Ile fupi ni hapana. Ya kuvuta ni kiu. Na ile inayopita kwenye meno ni kidonda cha mgongoni, kinauma, nigeuzeni. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiisikia kutwa.

Watu wa jumuiya walisikia moja tu. Alhamisi ya kwanza walipokuja kusali, Katekista alimwinamia mgonjwa akamuuliza, "Mzee Makungu, unampokea Kristo katika mateso haya?" Akajibiwa, "Asante." Basi kinamama walilia hao. Jumapili habari ikasemwa kanisani, na tangu hapo kila Alhamisi chumba kinajaa watu waliokuja kuisikia imani ya Makungu. Na imani alikuwa nayo, hilo sikatai. Miaka thelathini hakukosa misa. Lakini kama bado anayo, na sasa imekaaje, Skola hakujua. Hakukuwa na asante ya jambo hilo.

Wiki hii kidonda kilizidi kuchimbika, na dawa ya maumivu haikumshika tena. Skola akaapa mbele ya jirani yake: leo nitawaambia. Nitawaambia hashukuru, analia. Wasali kwa ufupi, watuache tumgeuze.

"Tumsifu Yesu Kristo," Katekista akabisha.

"Milele, amina." Skola akafungua mlango, maneno yako tayari ulimini.

Nyuma ya Katekista alisimama mwanamke kijana, mgeni, kabeba mtoto wa miaka kama minne, shingo haimkai. Hata kiti hakungoja. Alipiga magoti kwenye mkeka akamshika Makungu ule mkono mzima.

"Baba, nimechoka," akasema. "Nimekuja kukusikia tu. Kama wewe umeweza, na mimi nitaweza."

"Asante," akasema Makungu, kwenye meno.

Mwanamke akajifunika uso kwa kanga. Wenzake wakaanza wimbo. "Asante," Makungu jasho linamtoka, "asante, asante," na kila akizidisha, nao walizidisha sauti. Macho yake yalikuwa kwa Skola, hayatazami kwengine. Skola akafungua mdomo. Akamwangalia yule mtoto. Akaufumba. Aliona haya, akajichukia, na akaimba nao mpaka ubeti wa mwisho.

Walipoondoka, jirani yake Bi Borafya aliingia kwa mlango wa uani na beseni la maji ya moto, kama kila siku. Yeye ni Muislamu, wimbo hata mmoja haujui, lakini ndiye anayemshika Makungu mabega wakati wa kumgeuza.

"Umewambia?"

"Sikuwambia."

Borafya akaliweka beseni chini. Skola alikwenda kusimama mbele ya msalaba wa ukutani, aliouchonga Makungu mwenyewe siku za uzima wake. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu, mengine mabaya. Likatoka moja, kwenye meno.

"Asante."

Borafya akageuka. "Kwa hali hii, Skola? Unashukuru nini?"

"Sishukuru, Bi Borafya. Nnamwambia kama Makungu anavyonambia mimi."

"Na Mungu anakufahamu?"

"Sijui."

Borafya akakamua kitambaa. Wakamshika mgonjwa, mmoja mabega, mmoja kiuno, wakamgeuza upande wa ukuta taratibu. Makungu akasema asante, na hiyo Skola hakuijua ni ipi.