Kidole Gumba cha Marehemu Zein

Jumatatu asubuhi Ruweida alitia skana kwenye mkoba wa ukindu, akaifunika kwa leso isiingie vumbi, akatoka Kibokoni kwenda kwa wakala wa redio huko Bondeni. Mumewe, Zein, alimfuata nyuma akitiririka maji. Zein alikufa maji mwaka uliopita. Alikuja kwa sababu ofisi ilisema nambari ya mashine ile imesajiliwa kwa jina lake, na programu mpya haitiwi mpaka mwenye jina afike mwenyewe atie kidole.

Skana ile hunasa maneno ya maboti bandarini. Ruweida alikuwa akiisikiliza Zein anapopeleka vyakula kwenye meli zilizotia nanga nje. Kisha masafa yakabadilishwa, na bila programu mpya skana ikawa kiziwi. Zein alikwenda ofisini mara chungu nzima. Leo mtandao umelala, kesho mwenye ufunguo yuko harusini. Siku boti ilipopinduka aliita kwenye redio mpaka sauti ikamkauka. Ruweida alikuwa kando ya skana, ameifungua sauti yote, anasikia mkwaruzo tu. Sasa kazi ile ile anaifanya mtoto wao, Huzaifa, na mamake hataki kuketi na kiziwi mara ya pili.

Karani, Ketty, alikuwa akila viazi karai. Alikibana kidole cha Zein juu ya kioo cha mashine ya alama za vidole, kilichojaa mafuta ya viazi vyake mwenyewe.

"Mashine imekataa, mama. Mzee amelowa sana. Mkaushe, umrudishe."

"Mwambie mwenyewe, si huyu hapa?"

Ketty aliuma kiazi kingine. Ruweida nyongo ikampanda, akamrudisha mumewe nyumbani. Alitia makaa na udi kwenye chetezo kama anayefukiza nguo za Idi, akaushika ule mkono juu ya moshi.

"Ndoo karibu, baba Huzaifa. Mkono hauungui?"

"Hauungui. Udi mzuri huu. Umeutoa wapi?"

"Ulisalia kwenye hitima yako."

Walirudi kabla ya adhuhuri. Kidole kilinukia, mashine ikakisoma. Ketty alibonyeza kitufe kimoja, skana ikalia, na sauti ya Huzaifa ikatoka wazi, akimwambia mtu alegeze kamba. Ruweida alishusha pumzi.

Zein aliinama akakitazama kile kitufe. "Ni hicho tu, mwanangu?"

"Hicho tu, mzee. Programu yako ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza uliyokuja."

Kinyaa kilimjaa Ruweida mdomoni kama maji ya samaki aliyeoza. Alitema mate sakafuni, yeye aliyelelewa kutotema mate mbele za watu. Ketty alidhani ni yale maji ya Zein, akamwita mfagizi alete tambara.

Kwenye benchi nyuma yao, wanaume wengine waliokufa maji walisogea mbele, kila mmoja na mkewe, skana mapajani.

"Anayefuata," Ketty alisema. "Na kama hajakauka, tafadhali, msinipotezee wakati."