Binti wa Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi nesi wa kliniki ya watoto aliwachekesha wazazi, na mtaji wa vichekesho vyake ulikuwa binti yake. Somo lilihusu ukuaji: mtoto huota meno lini, huacha kukojoa kitandani lini, hubalehe lini. Mambo hayo wazazi huyaonea haya, kwa hiyo walikaa kwenye mabenchi kimya kama wamemwagiwa maji. Basi nesi alikuwa anatanguliza ya kwake.

"Wangu mimi kaacha kukojoa kitandani ana miaka tisa! Godoro tulikuwa tunalianika mpaka majirani wakadhani tunauza."

Wakishacheka, kila mama alifunguka. Kazi ilikwenda vizuri, usiseme. Na mtu ukishangiliwa kila wiki, huulizi nani anaumia. Halafu, bila hata kupepesa macho, nesi aliinua kidole na kuwaonya wazazi kwamba mtoto anayekaribia kubalehe wasimwanike mbele za watu.

Alhamisi moja, wazazi wameshakaa, akakumbuka kwamba picha za somo amezisahau chumba cha chanjo. Alipofika alikuta pazia limefungwa, na nyuma yake akasikia sauti ya binti yake, mtoto wa miaka kumi na moja ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

"Mama mdogo, nina uvimbe," binti alikuwa anamwambia nesi wa chanjo. "Hapa kifuani, upande mmoja tu. Nikigusa unauma. Wiki ya tatu sasa. Nitakufa?"

Nesi wa chanjo akampima taratibu. "Hufi, mwanangu. Hilo titi ndiyo linaanza kuota. Wengi huanza upande mmoja, la pili linafuata. Uko sawa kabisa."

Binti akaangua kilio. Nje ya pazia, mama yake akasogea karibu zaidi. Jambo hilo hilo alikuwa amewaeleza wazazi wengine mara ngapi! Na wiki tatu nzima mwanawe alikuwa analala chumba cha pili akisubiri kufa.

"Sasa mbona hukumuuliza mama? Si ndiyo kazi yake?"

"Atawasimulia. Ile ya kitanda, mama wa mwenzangu aliisikia hapa hapa. Darasani wananiita Mafuriko." Binti akavuta kamasi. "Nikaona bora nife tu, kuliko awachekeshe na hili."

Nesi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu kwa aliyoyasema kila Alhamisi, akaona aibu zaidi kwamba hata sasa amesimama hapo anadokoa siri ambayo hakupewa. Akageuka aondoke, lakini alichelewa.

Pazia likafunguliwa. Binti alimtazama mama yake, akalitazama pazia lile jepesi, akaelewa kwamba yote yamesikika.

"Mwanangu," nesi alianza.

Binti akafunga kifungo cha juu cha sare yake. Kisha akainamisha kichwa, kama wafanyavyo watoto wa wengine wanapopishana na nesi mlangoni.

"Shikamoo, nesi," akasema, akapita.

Nesi akaitikia marahaba, maana hakuachiwa neno jingine.