Upande wa Mke Unasemaje

...na huyu mzee naye anauliza kama anayeulizia bei ya nyanya, "Upande wa mke mna pingamizi lolote?", kalamu ameishika hewani, macho kwa Donatus, na kamati nzima ya ulinzi ya kata imegeuza shingo kumtazama, pingamizi, Donatus analitafuna hilo neno, chuo kikuu kizima akikariri nadharia za wazungu waliokufa, GPA ya kutundika ukutani, halafu kazi ya kwanza anayopewa na taifa lake ni hii, kukaa kwenye benchi la mtendaji na kusema kama shemeji yake Ndaki anafaa kumiliki bastola, kazi yenyewe haina hata posho... na kwa nini yeye, kwa sababu mke haulizwi, hakuna kifungu kinachosema hivyo ila ndivyo kata hii inavyofanya, nani amuulize mwanamke habari za mumewe na mumewe yuko palepale, anaulizwa kaka, kaka ndiye mdomo, na Scolastika yule barazani, anaonekana kupitia mlangoni, ananyonyesha, kitenge amekivuta mpaka kidevuni na jua lote hili, dada Skola, usinitazame hivyo, hapana, hamtazami, anatazama chini, afadhali angemtazama... "Msomi, tunakusubiri," anasema mtendaji, mzee Agapiti, na mjumbe mmoja pembeni anadakia kwamba wasomi lazima wafikirie kwa Kiingereza kwanza, wanacheka, Ndaki naye anacheka, shati jeupe limepigwa pasi, tangu asubuhi amegawa shikamoo mpaka kwa watu aliowazidi umri, na nani alimfundisha, si Donatus huyuhuyu, shemeji kaa wima, usikunje ngumi, sema ulinzi wa mali usiseme kulipiza kisasi, na mali kweli anayo, maduara mawili, mashimo ya dhahabu, yanatoa, na kweli aliporwa njia ya Isaka, walimlaza kifudifudi kwenye vumbi wakamkanyaga kichwa, mtu akifanyiwa hivyo ana haki ya kuogopa, Donatus hakatai, Mr Chairman, with due respect, the applicant... ona, Kiingereza kinakuja chenyewe, kinakuja kumficha... kituoni wamechukua alama za vidole, safi, daktari kaandika ana akili timamu, safi, jalada la polisi jeupe kama shati lake, na litachafuka vipi wakati hajawahi kufikishwa kwao hata siku moja, kila ilipotokea ilimalizwa nyumbani, mara ya kwanza sungusungu walimtoza mbuzi, mbuzi akaliwa, alipomvunja Skola mkono wakamtoza dume la ng'ombe, akaliwa naye, mzee Agapiti huyu mwenye kalamu alipewa maini, na hospitalini tukasema ameteleza kisimani, kesi iliyoliwa inaacha alama gani ya kidole, wanajua, wote humu wanajua, ndiyo maana wanauliza, wanamtafuta mtu wa kusema hapana kwa niaba yao ili wao kesho waendelee kusalimiana na Ndaki na kuomba lifti kwenye gari lake... na kule Geita mzee Nasibu anasubiri muhuri, duka lake la silaha pale Kalangalala lina leseni zote lakini tangu masharti yabane limekuwa makumbusho, watu wanaingia, wanashika, wanapima uzito mkononi, wakiambiwa kata, wilaya, vidole, daktari, wanarudisha mezani na kuaga kwa adabu, na porini magobore yanachomelewa kwa mabomba ya maji bila kamati yoyote, Nasibu analalamika kutwa, na Donatus alimuunga mkono, alibandika hata kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba serikali hii inaogopa raia wake, bureaucracy ya kikoloni, alipata madole gumba mengi, na Nasibu akamwambia, niletee mteja mmoja tu atakayevuka mpaka mwisho, kaunta ni yako, kazi, jamani, kazi, yenye kiti na feni, na mteja akawa shemeji... akaichukua ile bastola wiki iliyopita, akaigeuzageuza, akalenga kalenda ukutani, akasema, "Sasa dada yako atakoma kukimbilia kwenu," na duka zima likacheka, Donatus alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta kazi kina mlio wake, na Nasibu akafuta kaunta akasema yeye anaangalia karatasi tu, ya moyoni hayauzi... lakini wilaya nayo itaangalia karatasi, itaona kata imepitisha, polisi wataona wilaya imepitisha, Nasibu ataona muhuri wa polisi, kila mmoja anamwamini wa chini yake, na kata inamwamini nani, huyu hapa, sheria yote ile aliyoitukana imeshuka ngazi kwa ngazi mpaka ikakaa kwenye benchi hili ikavaa suruali yake, hakuna serikali nyingine humu, ni ulimi wake tu... na mama alfajiri akimfunga kifungo cha shati, "Ng'wanone, mwanangu, wale ng'ombe walishakuwa wewe," basi, hakusema zaidi, ng'ombe wa mahari ya Skola, waliopelekwa mnadani wakageuka ada, hii digrii ina kwato, Skola akirudi nyumbani ng'ombe wanadaiwa, na baba hana hata ndama, utarudisha nini zizini, transcript... muulizeni mwenyewe, si aseme hivyo tu, yule pale barazani, muulizeni, ni haki yake, gender equality, maneno mazuri kweli, na Ndaki amtazame wakati anajibu, halafu jioni wapande gari moja kurudi nyumba moja, hapana, huko ni kumsukuma mbele usimame nyuma yake, Donatus, wewe, wewe uliyesikia, dukani ulikuwepo, sema ulichosikia kwa masikio yako, kaunta imekwenda, feni imekwenda, mama atalia, Skola atalala kwenye kitanda chako na wewe chini, hivyo tu, ndiyo bei, na ajabu ile hasira aliyoizungusha miaka yote, kwa wizara, kwa waajiri wanaotaka uzoefu, kwa wazungu waliokufa, imepungua, imekuwa ndogo, baridi, ina anwani moja... nje mtoto ameachia ziwa analia, Skola anambembeleza kwa mkono ule uliopona vibaya, "Donatus," anasema mzee Agapiti, "niandike hakuna?", kalamu imeanza kushuka, Ndaki anamtabasamia kishemeji, yule mjumbe anapiga miayo, kila kitu kiko vilevile kilivyokuwa swali lilipoulizwa, ila Donatus hatafuti tena maneno, anatafuta mate ya kuyasemea.