Mume Anayerudi Ameoga

Wivu ninao, sikatai, na wa jioni ndio uliokuwa ukinimaliza. Naishi ua mmoja na wifi yangu: mlango wangu huku, wake kule, bomba la maji katikati. Waume zetu wako karakana moja. Wanapasua betri kuukuu za magari, wanatoa risasi iliyomo ndani na kuiyeyusha iuzwe tena. Basi jua likishuka, shemeji anaingia na ovaroli lake la kijivu, na binti yake, tunayemwita Malkia, anachomoka mbio. Anarushwa juu, anadakwa, anaficha uso shingoni mwa baba yake. Wifi anasimama mlangoni akitabasamu, huku akihakikisha nimeona.

Wangu anachelewa, mara nyingi mwanangu ameshalala, na akija, amekuja ameoga. Nywele mbichi, shati safi, ananukia sabuni. Sasa niambie, mwanamume ametoka kuyeyusha betri, ananukia sabuni kwa ajili ya nani?

"Ni vumbi la risasi," alinijibu nilipomuuliza. "Halifai kwa mtoto. Naogea kulekule."

"Hata kudanganya hujui. Mbona la shemeji halina neno?"

Akaingia zake ndani. Ndivyo alivyo, ukimbishia anakuachia uwanja.

Wifi naye akapuliza moto. Tulikuwa tunafua, akasema bila kuinua uso, "Kaka yangu nampenda, lakini mume akirudi ameoga, muulize ameogea kwa nani. Tena nasikia kuna mwanamke siku hizi haishi kwenda pale karakana."

Kesho yake nikamwacha mwanangu kwa jirani, nikajifunga kibwebwe, nikaenda. Mwanamke nikamkuta kweli, amekaa kwenye kreti, koti jeupe, na sura anayo, nisiseme uongo.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Anaoga," akasema, akanionyesha kipande cha bati nyuma ya karakana, kwa utulivu kama mwenye nyumba. Kidogo nimzabe kibao. Mume wangu akatokea nyuma ya bati, maji yanamchuruzika, ameshika ndoo yenye mfuniko, humo ndimo anamoziweka nguo za kazi. Akanitazama, akamtazama yule mwanamke, akaelewa kilichonileta. Aliona aibu kwa niaba yangu.

Yule alikuwa muuguzi wa zahanati. Anapita kwenye karakana kuwafundisha mafundi. Akanikalisha kwenye kreti lake, akanieleza yaleyale niliyoyaita uongo: vumbi la risasi hukaa kwenye nywele, viatu na nguo, likafika nyumbani, likaanguka sakafuni. Mtoto anatambaa, anashika, anatia vidole mdomoni. Linaingia kwenye damu na kuharibu ubongo ambao bado unakua. Ndiyo maana fundi aoge na kubadili nguo kazini, nguo hizo zifuliwe peke yake, nyumba ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi likapaa, na mtoto anawe mikono kabla ya kula.

"Nitajuaje kama limemwingia?"

"Wengi hawaonyeshi kitu. Wengine tumbo linawauma, hawali, wanakuwa wakali, wanasahau hata maneno waliyokwisha kuyajua. Uhakika ni kupima damu."

Nikamkumbuka Malkia. Alikuwa msemaji kumshinda mwanangu, na hilo pia lilikuwa likinichoma. Siku hizi hasemi, analia tumbo, chakula anasukuma. Wifi anasema ni deko. Mimi nilipoona ameacha kusema, nilifurahi kidogo.

"Shemeji hujamwambia?" nikamuuliza mume wangu.

"Mara ngapi? Akimwona muuguzi tu, anatoka. Anasema amekula vumbi hili tangu ujana na hajafa."

Nikarudi moja kwa moja hadi bombani. "Wifi, Malkia akapimwe damu. Lile ovaroli la baba yake linamdhuru."

Akacheka. "Umeanza. Umekosa wa kumbeba mwanao, sasa unataka na wangu asibebwe."

Hilo la wivu lilikuwa kweli, sikubisha. "Ndiyo, nina wivu," nikamwambia. "Nimemwonea wivu mtoto wako mpaka nikatamani mume wangu arudi mchafu. Kesho nampeleka wangu kupimwa. Wako asipokutwa na kitu, unicheke mpaka uchoke."

Sikumbembeleza tena, maana namjua. Mwanangu hawezi kupata kitu, hata kama ni sindano, halafu Malkia akose. Asubuhi nilipotoka, nilimkuta langoni ameshamvika binti yake gauni la sikukuu.

Majibu yalipotoka, ya mwanangu hayakuwa mabaya. Ya Malkia yalimfanya daktari avute kiti na kukaa karibu na wifi. Alisema vumbi linaweza kuzuiwa kuanzia leo, na mtoto atafuatiliwa na kupimwa tena. Wifi akauliza kama maneno yatarudi. Daktari akasema hawezi kumwahidi.

Jioni hiyo shemeji akaingia na ovaroli lake, akafungua mikono. Malkia akachomoka. Wifi akamdaka gauni kwa nyuma.

"Usimguse. Kaoge kwanza, nitakueleza."

Shemeji akataka kucheka, kisha akauona uso wa mkewe. Mtoto alikuwa anarusha miguu, analia, anamnyooshea baba yake mikono. Yule baba akasimama pale katikati ya ua akitazama viganja vyake, halafu akaenda kuoga nyuma ya nyumba.

Ndipo wangu akafika, mapema siku hiyo, msafi, ananukia sabuni. Mwanangu akamkimbilia, naye akamrusha juu na kumdaka, na mtoto akacheka ua mzima ukasikia. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia jioni zote zile. Nikageuka nihakikishe wifi ameona.

Alikuwa ameona. Amemkumbatia Malkia anayelia, anamtazama mwanangu akitaja majina ya kila kitu alichokiona mchana kutwa. Yale macho nayajua, maana yalikuwa yangu.

"Ingia naye ndani," nikamwambia mume wangu. "Mchezee huko."