Mkaidi wa Kitanda cha Dirishani

"Kitanda cha dirishani," Redio alisoma, akilifungua faili kwa ncha za vidole kana kwamba linanuka. "Mkaidi. Dawa kakataa, uji kakataa, na nesi wa jana kamwita kuku. Tuendelee."

Manesi waliokusanyika kukabidhiana zamu wakaangua kicheko. Redio alikuwa muuguzi wa siku nyingi aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu aingie kazini hadi atoke hakuna aliyewahi kupata kitufe cha kumzima. Aliyekaa kimya alikuwa mmoja tu, muuguzi kijana aliyetoka chuoni juzi juzi.

"Kamusi kanuna," Redio akasema. "Nani kamkanyaga?"

Jina la Kamusi lilimganda tangu siku alipobandika ile orodha ukutani, juu ya meza ya manesi. Ilikuwa kazi ya wauguzi wa hospitali kadhaa waliokaa pamoja wakabishana mpaka wakakubaliana majina. Si majina ya magonjwa, hayo ni ya daktari. Yalikuwa majina ya shida ambazo mgonjwa anaishi nazo pale kitandani na nesi anaweza kuzifanyia kitu: hatari ya kuanguka, ngozi inayoanza kuchubuka, hofu, upweke, usingizi uliopotea. Chini ya kila jina kulikuwa na dalili zake, chanzo chake, na la kufanya. Kamusi aliipenda orodha ile kama wenzake wanavyopenda simu mpya. Aliamini kwamba shida ikiitwa jina moja na kila zamu, hakuna zamu itakayojifanya haikuiona.

Wodi iliwekwa kwenye majaribio. Mwisho wa majaribio, Mkuu wa wodi angeandika ripoti ya kusema orodha ibaki au iondolewe. Na Mkuu wa wodi, mama mwenye mabega mapana na miwani inayoning'inia kifuani, hakuwahi kuficha lililo moyoni mwake.

"Sema, Kamusi," alisema sasa. "Naona ulimi unakuwasha."

"Mkuu, ukaidi haumo kwenye orodha."

"Haumo? Basi nenda ukaufukuze, maana umelala pale na umejifunika blanketi letu."

Kicheko kingine. Kamusi alihisi masikio yakichemka. Alitaka sana, kwa mara moja tu, orodha ishinde mbele ya watu wote. Akapitisha kidole haraka kwenye karatasi ya ukutani.

"Hii hapa. 'Kutozingatia matibabu.' Ndivyo inavyotakiwa kuandikwa."

Redio akaandika, akaliinua faili alitazame kwa mbali kama fundi anayeipenda kazi yake. "Lahaula! Ukaidi umevaa tai."

"Na hiyo orodha yako inasema tumfanye nini huyo asiyezingatia?" Mkuu aliuliza.

"Inasema tutafute sababu, tumwelimishe, tushirikishe ndugu."

"Ndugu!" Mkuu akapiga meza kwa kiganja. "Hapo nimekubali. Binti yake akija mchana atamshika mikono. Redio atambana pua mpaka mdomo ufunguke. Wewe mwenye orodha utamimina. Hapo tutakuwa tumeshirikisha au hatujashirikisha?"

"Mkuu, haina maana hiyo..."

"Jina umelitoa wewe, sikulitoa mimi. Zamu imekabidhiwa."

Kwenye wodi ile, kubana pua ilikuwa dawa ya wakaidi wote. Kamusi aliijua, aliichukia, na sasa ilikuwa imepata kibali kutoka kwenye kinywa chake mwenyewe. Alijiambia kwamba akiwahi kumwelimisha yule bibi, pua haitabanwa.

Bibi wa kitanda cha dirishani alikuwa fundi cherehani, na jicho lake lilikuwa bado kazini hata kama mikono ilikuwa imelala. Aliletwa kwa homa ya mapafu. Kila alipopata nafuu, ilirudi.

"Nani kakushonea hiyo sare?" aliuliza kabla Kamusi hajavuta kiti.

"Nilinunua, bibi."

"Ulipunjwa. Bega moja limesimama, jingine limechoka."

Kamusi alitabasamu, kisha akaanza. Alieleza kazi ya kila kidonge. Alieleza vijidudu, mapafu, na umuhimu wa kumaliza dozi. Alieleza vizuri, kama alivyoeleza kwenye mtihani wa mwisho akapongezwa. Bibi aligeuza uso dirishani.

"Umemaliza hotuba?"

"Bado kidogo."

"Basi malizia nje."

Akasimama, roho inamuuma. Alipoinama kuuvuta mto aunyooshe, akagusa unyevu. Mto ulikuwa umelowa upande mmoja tu, na pale palipokauka palikuwa pameganda uji wa jana. Akamtazama bibi usoni, safari hii bila kutafuta pa kuingiza neno. Upande mmoja wa mdomo ulining'inia kidogo sana, kama pindo la nguo lililoachia nyuzi. Shavu la upande huohuo lilikuwa limevimba. Kumbe halikuwa limevimba. Ndani yake mlikuwa na mkate.

Kamusi alikaa tena. Orodha ilisema watafute sababu. Alikuwa ameisoma kwa sauti mbele ya wodi nzima, kisha akairuka.

"Bibi, nisamehe. Nimekuja kukuhubiria na sijakuuliza kitu. Unaogopa nini?"

Bibi akasema kwa sauti ya chini, akiwa bado ametazama dirisha, "Maji yananikaba. Hata mate. Yanapita njia siyo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Yule mama wa kitanda cha pale alisema. Mkamtia mpira wa kulishia puani. Alitoka hapa kafunikwa shuka." Akavuta pumzi. "Afadhali mniite mbishi. Mbishi haingizwi mpira."

Kamusi alimtoa mkate shavuni, akamkalisha wima, akampa maji kwenye ncha ya kijiko, vidole vyake vikigusa koo. Koo lilichelewa kupanda. Kikohozi kikaja, na bibi alipojaribu kusema kitu, sauti yake ilitoka imelowa, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Hapo ndipo Kamusi alipoelewa kwa nini mapafu hayaponi. Kila kikombe walichomlazimisha kilikuwa kinashukia humohumo mapafuni. Na kikombe cha mchana huu, pua ikiwa imebanwa, huenda kingekuwa cha mwisho.

Akatoka mbio kumtafuta Mkuu. Ofisini hakumkuta; akirudi, mlangoni akapunguza mwendo. Akienda kusema amekosea, ripoti itaandikwa kwa wino mweusi: orodha haifai, hata mwenyewe anayeipigia debe haijui. Angeweza kusema tu bibi amekubali dawa, akambadilishia faili kimyakimya. Wazo hilo lilikuwa tamu. Lakini nesi wa zamu ya jioni angejuaje kwamba kubana pua kunaua, ikiwa yeye atanyamaza?

Kabla hajamaliza kuwaza akasikia sauti ya Redio kutoka kitanda cha dirishani: "Shika hapo, dada. Hapo kwenye viwiko."

Binti wa bibi alikuwa amefika mapema, bado amevaa sare ya ulinzi ya mahali anapofanyia kazi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimeambiwa anawatukana," alikuwa akisema. "Na mimi nyumbani ananitukana hivyohivyo, namshika na anakunywa. Mama, acha utoto!" Mikono ya bibi ilikuwa imebanwa kitandani. Redio alikuwa ameshaweka vidole puani. Mkuu mwenyewe alishika kikombe cha dawa zilizosagwa ndani ya maji.

Kamusi alifika akafunika kikombe kwa kiganja.

"Toa mkono," Mkuu alisema.

"Sitoi. Nimekosea, Mkuu. Jina nililotoa asubuhi si kweli. Sikumpima. Nililiokota ukutani ili nisionekane nimeshindwa."

"Sema kwa sauti. Wagonjwa wa kule mwisho hawajasikia."

Kamusi alisema tena, kwa sauti. Wodi nzima iligeuza shingo. "Shida yake ni kumeza. Hiki kikombe kitaingia mapafuni."

"Asubuhi kutozingatia, mchana kumeza. Jioni itakuwa mapepo?" Mkuu alicheka bila meno kuonekana. "Unajua nitakachoandika kwenye ripoti."

"Andika. Lakini kwanza mwachieni, mtazame."

Redio akaachia pua, pengine kwa udadisi tu. Kamusi alimkalisha bibi, akachukua kijiko, akampa tone. Kikohozi kilikuja kikali kuliko cha kwanza. Uso wa bibi ukabadilika rangi, macho yakamtoka. Kilipotulia, akamtazama binti yake, akasema kwa ile sauti iliyolowa: "Nilikuwa nakukataza, mwanangu. Sikuwa nakutukana."

Redio akavifuta vidole vyake kwenye sare. Binti aliachia viwiko vya mama yake taratibu, akaitazama mikono yake, na hasira yake ikatafuta pa kwenda.

"Ni nani aliyeandika mama yangu hazingatii?"

"Mimi, dada."

"Wewe. Na huo upole wako wa kanisani."

"Ndiyo, dada. Mimi."

Mkuu aliweka kikombe mezani, maji yakaruka. "Redio, mwite daktari. Mpira usiwekwe mpaka nimeongea naye mimi." Kisha akaenda kwenye meza ya manesi, akaibandua orodha kwa mvuto mmoja. Pembe moja ikabaki ukutani na gundi yake. "Majaribio yamekwisha," alisema.

Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akambadilishia dawa, akasema wajaribu uji mzito kwa kijiko kidogo, akiwa wima, kidevu kimeinama. Wakishindwa ndipo wafikirie mpira. Kamusi aliomba kazi hiyo na hakuna aliyegombea naye. Kabla ya kwenda, alifungua faili akafuta maneno ya asubuhi kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika jina sahihi, na chini ya jina akaandika alichokiona: mkate shavuni, kikohozi, sauti iliyolowa. Orodha haikuwepo ukutani. Aliandika kwa kukumbuka.

Alipofika kitandani na bakuli, binti alikuwa amekaa kwenye kile kiti pekee. Hakusogea.

"Nipe kijiko."

"Nitakuonyesha, dada. Kinatakiwa..."

"Sikuomba kuonyeshwa. Nimesema nipe."

Kamusi akampa. Binti alichota uji, akaujaza.

"Nusu," Kamusi alisema.

Binti akamkata jicho kali. Kisha akapunguza, akaupeleka mdomoni mwa mama yake, upande ulio mzima, ambako Kamusi alielekeza kwa kidole.

"Subiri mpaka usikie umeshuka."

"Nimesikia," binti alisema bila kugeuka. "Usinisimamie mgongoni."

Kamusi alirudi nyuma hatua moja. Hakuondoka. Bibi alifumba macho, akameza, akangoja, akameza tena. Hakukohoa.

"Kingine," bibi akasema, na sauti ilitoka kavu.