Divai ya Jumatatu ya Pasaka

Siku hiyo Everlyne hakutulia hata kidogo. Mama yake alikuwa amevuka mpaka kutoka Migori kuja kula Pasaka kwa bintiye, Nyakunguru, na kwa Wajaluo mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake, hata dunia ipinduke. Kwa hiyo mama akaandaliwa ndani, mlango umerudishwa, na wanaume wakaandaliwa nyuma ya nyumba, chini ya mizabibu. Everlyne akawa mguu ndani mguu nje, sahani mkononi, roho juu.

Mizabibu ilikuwa ya mumewe, Anselm, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma. Alipoileta miche watu walimcheka: wenzako wanachimba dhahabu, wewe unapanda juisi? Nayo ikashika. Kwao Dodoma, Jumatatu ya Pasaka ukoo mzima hushinda kwenye zabibu, wanakula na kunywa divai, naye aliapa mwaka huu ataifanya hapa hapa. Divai ililetwa na basi, dumu zima.

Lakini Everlyne alikuwa na lake, nalo ni Okal, mdogo wake anayeishi nao. Jioni hiyo Okal alikuwa na zamu kwenye duara, shimo la dhahabu lililo nyuma ya kilima. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na Jumamosi duara la jirani liliporomoka, wakatolewa vijana wawili hawapumui. Na bado watu walikuwa wanakimbilia huko, eti mwamba wenye dhahabu umeonekana! Jamani, dhahabu ina uchawi.

"Leo hushuki," alimwambia.

"Dada, nisiposhuka mgao wangu umekwenda. Sheria ya duara ni hiyo: uwepo mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwako akushikie zamu."

Everlyne hakubishana. Alimimina divai. Firigisi, ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba, akampa Okal. Glasi ikipungua, anajaza.

"Mke wangu, leo umekuwa Mgogo kabisa!" Anselm akacheka. Kisha akamgeukia Okal, kwa mara ya tatu sasa. "Shemeji, huo mwamba mmeuona kwa macho?"

"Kwa macho, shemeji. Unang'aa."

Everlyne alisikia, akapuuza. Mwalimu gani huyo atashuka shimoni, ambaye akishika jembe nusu saa analilia mgongo?

"Evi, kaa ule," mama aliita kutoka ndani. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nakuja, mama."

Jua lilipoanza kuinama, Okal aliweka kichwa mezani akakoroma. Everlyne nusura apige vigelegele. Akaingia ndani, akarudisha mlango, akaketi kwa mama yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo chakula kikapita kooni. Walikula sato kwa ugali wa mtama, wakawasengenya mashangazi wa Migori, wakacheka mpaka machozi.

Mvua ikaanza kugonga bati. Everlyne akatoka na turubai awafunike wanaume. Okal alikuwa pale pale, amelala. Kiti cha Anselm kilikuwa kitupu. Buti za Okal za shimoni, alizokuwa amezivua kando ya meza, hazikuwepo, wala tochi yake ya kichwani.

"Unamtafuta mwalimu?" Mokami, jirani, aliuliza kutoka ng'ambo ya uzio. "Amepita hapa anaelekea kilimani. Amesema shemeji yake amelewa, anakwenda kumshikia zamu."

Turubai likamtoka mikononi. "Yawa!" Akamrukia mdogo wake, akamtikisa, akamzaba kofi.

Okal akafumbua jicho moja. "Dada, si nimebaki? Si ndivyo ulivyotaka?"

"Amka! Amka uende shimoni!" Everlyne alikuwa analia waziwazi, mvua ikimpiga. "Wewe ndiye unayejua njia. Nenda ukanitolee mume wangu!"

Okal akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka matopeni. Everlyne akamshika makwapani, akamwinua. Akaanguka tena.